Zabibu za Dodoma: jina la nani, shamba la nani?

Mwezi huu tunaomba tuzungumze habari za zabibu. Hatusemi zile kavu tunazotia kwenye pilau na keki za Krismasi, ambazo nyingi hutoka ng'ambo. Tunasema zabibu za Dodoma, zile ambazo akina mama huzipanga kwenye ndoo na mabeseni kando ya barabara na kwenye vituo vya mabasi. Mtu akirudi Dar es Salaam kutoka Dodoma bila kifuko cha zabibu, watoto humwuliza kama kweli alifika.

Hilo peke yake ni jambo la kutafakari, kwa maana jina la Ugogo halikuwa hivyo zamani. Lilitajwa pamoja na vumbi, ukame na njaa. Wazee wa huko walihesabu miaka kwa majina ya njaa, na iliyotisha kuliko zote ni Mtunya, ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, kati ya 1917 na 1920. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, Waingereza wakaja wakafanya vivyo hivyo, kisha mvua ikakosekana. Hata baada ya Uhuru, mjini kila ombaomba aliitwa Mgogo, awe ametoka Dodoma au asiwe ametoka huko. Mtoto wa Kigogo aliyekwenda shule ya bweni mbali na kwao alijua atataniwa kwa hilo kabla hajafungua sanduku lake. Leo mtoto huyo akitaja kwao anaulizwa, "Zabibu ziko wapi?" Utani bado upo, lakini umegeuka kuwa wa kuomba kitu kutoka kwake.

Basi swali tunalotaka kuliweka mezani ni hili: jina hili jipya limeingia nyumbani kwa nani? Maana jina zuri la mkoa haliwezi kupikwa. Mwenye kunufaika ni yule mwenye shamba, mwenye mahali pa kupeleka matunda, na mwenye kupokea fedha mkononi. Tukiyaangalia hayo matatu kwa macho ya mama wa kijijini, tunaona kazi bado ni kubwa.

Ulivyoingia mzabibu

Mzabibu uliletwa Bihawana, nje kidogo ya mji wa Dodoma, mwaka 1957 na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia. Haja yao ilikuwa divai ya misa. Inafurahisha kukumbuka kwamba bibi zetu wa Ugogo walikuwa wamesikia habari za mzabibu kanisani miaka mingi sana kabla ya kuuona, kwa kuwa wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa tangu miaka ya 1870. Walihubiriwa mzabibu na matawi yake huku mbele yao wakiona mibuyu na miiba.

Kumbe nchi ile waliyoidharau watu inaufaa. Mvua za Dodoma huwa kama milimita 600 kwa mwaka, nazo karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mahindi hayastahimili jambo hilo, na ndiyo sababu Wagogo wamekula ugali wa uwele na mtama pamoja na mlenda tangu zamani. Lakini mzabibu hupeleka mizizi chini sana, hupenda jua, na hewa kavu huupunguzia magonjwa ya ukungu. Tena una faida ambayo wenyewe wa Italia hawana. Kwao baridi huulaza mzabibu, nao huzaa mara moja kwa mwaka. Kwetu haulali. Ukiupogolea unaamka, unachipua upya, na baada ya miezi michache una vichala. Kwa hiyo mkulima wa Dodoma huvuna mara mbili, karibu na Machi na tena karibu na Agosti au Septemba. Mavuno ya kiangazi ndiyo mazuri zaidi, maana ya masika husumbuliwa na ubwiri, ila kiangazi kinadai maji ya kumwagilia.

Baadaye Serikali nayo iliingia. Kituo cha utafiti kikawekwa Makutupora, na aina moja ya zabibu nyekundu inayolimwa sana mkoani ikapewa jina la mahali hapo. Tazameni: watu hununua divai za dunia nzima kwa majina ya aina za zabibu kutoka Ufaransa, na moja ina jina la kijiji cha Ugogo. Katika miaka ya 1980 kilikuwapo kiwanda cha umma, DOWICO, kilichonunua zabibu za wakulima. Vijiji vingi vikapanda. Miaka ya 1990 kiwanda kikasimama, kama vilivyosimama viwanda vingi vya umma. Wakulima wakabaki na vichala vinavyoiva na hakuna mnunuzi. Wapo waliong'oa mizabibu wakarudi kwenye uwele, na hatuwezi kuwalaumu.

Zabibu hazina kihenge

Hapa ndipo tunapotaka tukae kidogo. Hekima kubwa ya Wagogo ilikuwa ni kuweka akiba. Uwele na mtama hupurwa, hukaushwa, huwekwa kihengeni ndani ya tembe, na mama mwenye nyumba ndiye anayejua umebaki kiasi gani na utafika lini. Mvua ikikosa mwaka mmoja, kihenge kinasema. Mwanamke hakuwa na sauti barazani kwa wazee, lakini kihengeni alikuwa na sauti.

Zabibu zimeliondoa jambo hilo. Zikishaiva hazingoji. Kwenye joto la Dodoma, bila chumba cha baridi, siku chache tu zinaanza kuchacha na nyuki wanajaa. Mnunuzi anajua hivyo. Akikaa wiki moja bila kuleta gari, bei inashuka yenyewe bila yeye kusema neno. Viwanda ni vichache, wakulima ni maelfu, na wote wanavuna wakati mmoja. Ndiyo maana msimu mmoja mtu anaezeka bati, na msimu unaofuata anauza kwa dalali kwa bei isiyorudisha hata gharama ya dawa.

Tena fedha ya zabibu huja kwa mafungu mawili kwa mwaka, na huja kwa jina lililoandikwa kwenye daftari la chama cha ushirika. Mara nyingi jina hilo ni la baba. Hatusemi akina baba wote ni wabadhirifu. Tunawajua wengi waliosomesha watoto wao hadi chuo kikuu kwa zabibu. Tunasema tu kwamba aliyekuwa akishika ufunguo wa kihenge hajapewa ufunguo mwingine badala yake. Anamwagilia, anapalilia, anafukuza ndege, anakata vichala kwa mkasi kimoja kimoja kuanzia alfajiri kabla jua halijawa kali, kisha malipo yanapita juu ya kichwa chake.

Dawa moja ipo, na baadhi ya vikundi wameijaribu: kukamua wenyewe. Zabibu zikikamuliwa na kuchachushwa kwenye matangi safi, hupatikana kile ambacho wakulima wa Dodoma hukiita mchuzi wa zabibu. Mchuzi huo ukitunzwa vizuri unaweza kukaa kwa miezi hadi mwenye kiwanda atakapouhitaji, na sasa ni yeye anayekuja kubisha hodi. Ni kihenge cha namna nyingine. Lakini matangi ya chuma kisichoshika kutu ni ghali, usafi wake ni wa hali ya juu, na mchuzi ukiharibika umeharibika wote. Mtu mmoja haliwezi jambo hilo. Kikundi kinaliweza, kikiwa na mtaalamu na hesabu za wazi. Na zabibu zinaweza pia kuwa sharubati, jamu, siki, au kukaushwa juani kwa kuwa jua tunalo bure. Kwa nini tununue zabibu kavu za ng'ambo kwa ajili ya pilau, wakati Hombolo zinaoza? Swali hilo tunawaachia wenye mitaji.

Mti wa miaka mingi, ardhi ya nani?

Mzabibu ukitunzwa huishi miaka 20, 30, hata zaidi. Mama akipanda karanga kwenye shamba la shemeji yake, hakuna atakayesema kitu, maana msimu ukiisha karanga zimekwisha. Akitaka kupanda mizabibu na kusimika nguzo na nyaya, ukoo unaitana. Kwa mila, anayepanda mti wa kudumu ameweka alama ya kumiliki. Kwa hiyo mjane, binti aliyerudi nyumbani, au mke wa pili, hujikuta anaruhusiwa mazao ya njaa na kunyimwa zao la fedha. Kisa hiki tumekisikia kwa namna mbalimbali, na kila mara kinatuuma.

Akina mama, sheria iko upande wenu kuliko mnavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Halmashauri ya kijiji inaweza kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kuandikwa majina mawili, la mume na la mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali hiyo. Ikiwa kupika na kulea ni mchango, sembuse kupalilia mizabibu?

Ushauri wetu ni kwamba hati iandikwe kabla ya kupanda. Mizabibu ikishaanza kuzaa, kila mtu ana maneno. Wakati shamba bado ni vichaka, hakuna anayelionea wivu, na mume mwema hatakataa kuandika jina la mkewe kwenye vichaka. Wanaume wanaosoma ukurasa huu, nanyi tunawaomba mlipokee jambo hili kwa upendo. Yule mwanamke anayesifiwa katika Mithali 31 alifikiria shamba, akalipata, akapanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake, na mumewe aliheshimiwa malangoni. Hatuoni mahali palipoandikwa kwamba mumewe aliona aibu.

Jiji linapokuja

Kuna jambo lingine ambalo miaka ya nyuma halikuwa kubwa hivi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na kwa muda mrefu ulikwenda polepole. Tangu 2016 umekwenda mbio. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 410,000 katika Manispaa ya Dodoma. Ile ya 2022 ilihesabu zaidi ya 765,000, na wakati huo Dodoma ilikuwa imekwisha kuwa Jiji. Watu hao wanataka viwanja, na viwanja vinapimwa palepale palipokuwa na mashamba. Wanataka maji, na visima vinavyolinywesha jiji viko bonde lilelile la Makutupora.

Sisi hatupingi jiji. Jiji limeleta wanunuzi wa zabibu mlangoni, hospitali, na barabara. Lakini mwenye shamba la zabibu akiletewa vipimo, tunakumbuka kisa cha Nabothi na Ahabu katika 1 Wafalme 21. Mfalme alitoa hoja ya kiungwana kabisa: shamba liko karibu na nyumba yake, naye angelipa fedha au kutoa shamba lingine bora. Nabothi alikataa kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake. Wengi husoma kisa kile kwa haraka hadi kwenye ukatili wa Yezebeli, wakasahau kwamba pale mwanzo kulikuwa na mambo mawili tofauti: Ahabu aliona bei, Nabothi aliona kwao.

Kwa aliyefikiwa na upimaji, sheria za ardhi za 1999 zinataka fidia kamili, ya haki, na inayolipwa kwa wakati. Mizabibu, nguzo, nyaya na kisima vyote huhesabiwa. Mke awepo mthamini anapofika, asibaki jikoni akichemsha chai. Ahesabu mashina pamoja naye, aandike idadi kwenye daftari lake mwenyewe, na jina lake liwe kwenye fomu. Mashina ambayo hayakuhesabiwa siku ile ni vigumu sana kuyadai baadaye.

Je, ni halali kulima zabibu za divai?

Tunaulizwa hili na akina mama wa makanisa yasiyokunywa kileo, nao wako wengi Dodoma. Zabibu nyingi za mkoa ule huishia kuwa mvinyo, hilo halifichiki. Wengine hujibu kwamba divai ya meza ya Bwana nayo hutoka huko, wengine husema anayelima hana kosa, kosa ni la anayelewa. Majibu hayo ni mepesi mno. Ugogo ulikuwa na pombe ya nafaka, ujimbi, kabla ya mzabibu wowote, na mlevi wa kijiji hangoji chupa yenye nembo. Hana fedha ya kuinunua. Tunaloliogopa ni lingine.

Huko Afrika Kusini, katika mashamba ya mizabibu ya Rasi ya Magharibi, kulikuwa na desturi iliyoitwa dop. Vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa divai, vikombe kadhaa kwa siku. Sheria ilikataza jambo hilo katika miaka ya 1960, lakini liliendelea kwenye baadhi ya mashamba hadi miaka ya 1990. Matokeo yake bado yanaonekana kwa watoto: jimbo lile ni miongoni mwa sehemu za dunia zilizopimwa na kukutwa na watoto wengi mno walioathiriwa na pombe wakiwa bado tumboni mwa mama zao. Divai ya nchi ile inasifiwa kote, na vibanda vya wale walioichuma vilikuwa na kilio. Hivyo kikundi chochote kinachokamua mchuzi kijijini kiweke sheria tangu mwanzo: hakuna kibarua anayelipwa kwa kinywaji, na mama mjamzito haonji. Mkristo ambaye dhamiri yake inakataa kabisa, alime zabibu za kula mezani na za kukausha. Soko lipo, na asihukumiwe na jirani yake, wala yeye asimhukumu.

Tukirudi kwenye jina. Ureno iliweka mipaka ya mashamba ya divai ya Douro mwaka 1756, na Ufaransa mwaka 1935 ilitunga sheria ya kulinda majina ya mahali, kwamba divai isiitwe kwa jina la wilaya fulani kama haikutoka huko na haikutengenezwa kwa kanuni za huko. Mkulima wa Champagne analindwa na jina la kwao kama kwa ukuta. Kwetu, chupa ikiandikwa Dodoma, mara nyingi haikuambii ni kijiji gani wala ni ushirika gani, na zipo zinazojazwa Dar es Salaam. Serikali imefanya jambo moja jema: kwa miaka kadhaa sasa divai yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini imekuwa ikitozwa ushuru mdogo sana kuliko ile ya zabibu za kigeni. Hiyo imewasaidia wenye viwanda wanunue nyumbani. Tungependa kuona hatua inayofuata, yaani Mpunguzi, Mbabala, Hombolo na Makutupora zikiandikwa kwenye chupa na vyama vya wakulima vikiwa na kauli juu ya maandishi hayo. Vijana wanaopewa mashamba chini ya mpango wa BBT, uliozinduliwa Chinangali wilayani Chamwino Machi 2023, wanaweza kulidai hili kwa sauti kuliko wazee wao.

Kwa wale walioandika kutaka kujua pa kuanzia: kituo cha utafiti cha TARI Makutupora kiko kaskazini mwa jiji, kwa barabara ya Kondoa. Huko mtaelezwa aina zinazofaa udongo wenu na jinsi ya kupogolea. Ulizeni kwanza habari za maji, kisha mnunuzi, kisha miche. Wengi hugeuza mpangilio huo wakaanza na miche. Nendeni wawili, mume na mke, au mjane na mwanawe mkubwa, na kila mmoja awe na daftari lake.